Siku za mwisho: mitume walimaanisha nini?

Siku za mwisho, kwa jinsi Agano Jipya linavyozitaja, ni kipindi chote kinachoanzia ujio wa kwanza wa Yesu hadi atakaporudi. Hazikuanza na vita vya karne hii wala ya iliyopita. Zilikwisha kuanza Petro aliposimama siku ya Pentekoste pale Yerusalemu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza hivyo.

Tazama alivyohubiri siku ile. Watu wanashangaa kusikia Wagalilaya wakinena kwa lugha za Waparthi, Wamisri na wageni waliotoka Rumi, wengine wanadhihaki kwamba wamelewa. Petro anawajibu kwa unabii wa Yoeli. Ukimsoma Yoeli mwenyewe, sura ya 2, ahadi inaanza hivi: "Hata itakuwa, baada ya hayo." Petro anaifungua kwa namna yake: "Itakuwa siku za mwisho, asema Mungu, Nitawamwagia watu wote Roho yangu." Kwake yeye, kilichokuwa kinangojewa kilikuwa kimefika. Mwandishi wa Waebrania naye anasema Mungu amesema nasi katika Mwana "mwisho wa siku hizi." Yohana anawaandikia wasomaji wake waziwazi: "Watoto, ni wakati wa mwisho."

Hata andiko linalopendwa sana na wahubiri wa unabii, 2 Timotheo 3, linasomeka vizuri zaidi likiwekwa hapo. Paulo anasema siku za mwisho kutakuwako nyakati za hatari, anataja watu wenye kujipenda, wenye kupenda fedha, wasiotii wazazi wao. Mara nyingi tunaishia hapo na kusema, "Ndiyo haya tunayoyaona!" Endelea mpaka mstari wa 5. Anamwambia Timotheo, "hao nao ujiepushe nao." Hakuna anayeonywa ajiepushe na watu ambao hawajazaliwa. Watu wa siku za mwisho walikuwa majirani zake Timotheo.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu linabadilisha kazi ya unabii. Kama siku za mwisho ni miaka michache tu iliyobaki, mhubiri atashughulika na kuhesabu. Kama ni kipindi chote ambacho kanisa limeishi, swali linakuwa: kipindi hiki kimewekwa kwa ajili ya nini? Mitume walikuwa na jibu moja tu, nalo ni utume, yaani kupeleka Injili kwa mataifa. Unabii wa mwisho na kupelekwa kwa mataifa vilikuwa hubiri moja.

Hilo walilipata kwa Bwana wao. Katika Matendo 1 wanamuuliza swali ambalo makanisa yetu bado yanauliza: je, wakati huu ndipo unapowarudishia Israeli ufalme? Anawajibu, "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira, Baba aliyoyaweka katika mamlaka yake mwenyewe." Kisha bila kupumzika anawapa kazi: watapokea nguvu, watakuwa mashahidi wake Yerusalemu, Uyahudi wote, Samaria, na hata mwisho wa nchi. Waliuliza habari za mwisho wa nyakati, wakatumwa mwisho wa nchi. Na alipochukuliwa, malaika wakawauliza mbona wamesimama wakitazama mbinguni. Ahadi kwamba atarudi ilitolewa pale pale, kwa watu waliokuwa wakihitaji kushuka mlimani.

Hubiri la Mlima wa Mizeituni, Mathayo 24, lina mpango huo huo. Vita, matetesi ya vita, njaa na matetemeko ndiyo mambo tunayoyakariri. Lakini Yesu aliyataja ili wanafunzi wasitishwe: "lakini ule mwisho bado." Jambo pekee katika orodha ile analoliunganisha moja kwa moja na kuja kwa mwisho ni lile la mstari wa 14, kwamba habari njema ya ufalme itahubiriwa katika ulimwengu wote kuwa ushuhuda kwa mataifa yote, "hapo ndipo ule mwisho utakapokuja." Sehemu ya maneno yale, ile ya kubomolewa kwa hekalu, ilitimia mbele ya macho ya kizazi kile: mwaka 70 majeshi ya Rumi chini ya Tito yaliiteketeza Yerusalemu pamoja na hekalu lake. Kwa waliokuwa wameyaamini maneno ya Yesu, kuanguka kwa hekalu hakukuwa kuanguka kwa kazi yao.

Wakati huo Injili ilikwisha kufika mbali. Haikutokana na mikutano ya mipango. Baada ya Stefano kupigwa mawe, waamini walitawanyika. Filipo akaenda Samaria, kisha akakutana na mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Wakushi, kwenye barabara ya Gaza. Wengine walikimbilia Foinike, Kipro na Antiokia, na ni Antiokia ambako watu ambao Luka hawataji hata majina waliwahubiria Wayunani. Kanisa hilo ndilo lililowatuma Barnaba na Sauli, ndiye Paulo. Dhiki, ambayo wengi wetu tunaihubiri kama ishara ya kutisha, kwao ilikuwa njia ya kusafirisha neno.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Thesalonike. Ulikuwa mji wa bandari, mji mkuu wa Makedonia, uliopitiwa na barabara kuu ya Warumi kutoka pwani ya Adria kuelekea mashariki. Luka anataja sabato tatu za Paulo katika sinagogi la pale, kisha fujo ikazuka na ndugu wakamtoa usiku. Barua ya kwanza aliyowaandikia muda mfupi baadaye, yapata mwaka 50, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo tuliyo nayo, na kila sura yake inataja kuja kwa Bwana. Maana yake waamini wale wachanga walifundishwa habari za mwisho tangu mwanzo kabisa.

Walifundishwaje? Sura ya kwanza inaeleza: waliziacha sanamu wamtumikie Mungu aliye hai na kumngojea Mwanawe kutoka mbinguni. Kutumika na kungoja vimo katika sentensi moja. Na kutoka kwao, anasema, neno la Bwana lilivuma Makedonia na Akaya. Kisha baadhi yao wakafa, na waliobaki wakahuzunika wakidhani wapendwa wao hawatakuwamo katika kuja kwa Bwana. Hapo ndipo Paulo anaandika maneno ya sura ya 4 ambayo leo ndiyo msingi wa fundisho la unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana. Ni maneno ya msibani. Yanaishia hivi: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Inaniuma kusikia andiko lililotolewa kuwafariji waliofiwa likitumiwa kuwatia watoto hofu ya kuamka na kukuta wazazi wametoweka.

Waraka wa pili unaonyesha upande mwingine. Kuna waliokuwa wameambiwa siku ya Bwana, yaani siku ya kuja kwake, imekwisha kuwapo, wakafadhaika. Kuna pia walioacha kazi na kuzungukazunguka katika mambo ya watu, na wafasiri wengi huona mambo hayo mawili yana uhusiano. Jibu ni lile linalojulikana: mtu asiyetaka kufanya kazi, asile chakula.

Kuhusu misamiati mingine, nitasema kwa ufupi. Mpinga Kristo anatajwa kwa jina hilo katika nyaraka za Yohana tu, si katika Ufunuo, na Yohana anasema wamekwisha kuwapo wengi. Ile miaka elfu ya kutawala pamoja na Kristo, katika Ufunuo 20, imegawanya waalimu waaminifu tangu zamani: Yustino na Ireneo, waalimu wa kanisa la kale, walitarajia utawala halisi duniani, Agostino akaifahamu kuwa ni zama za kanisa. Fundisho la unyakuo utakaotangulia dhiki kuu, yaani taabu kubwa ya mwisho, lilienea kutokana na kazi ya mhubiri John Nelson Darby katika karne ya 19. Mkristo anaweza kushika mojawapo ya misimamo hii na bado akawa ndani ya imani ya mitume. Asichoweza kufanya ni kutaja tarehe ya kurudi kwa Bwana.

Wapo waliotaja. William Miller, mhubiri wa Kibaptisti nchini Marekani, alizihesabu siku 2300 za Danieli 8 kuwa ni miaka, na wafuasi wake wakafikia 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao yao bila kuvunwa. Siku ikapita, na maelfu wakabaki na uchungu mkubwa. Yesu alikwisha kusema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba, na hakuna hesabu iliyo ngumu kiasi cha kulifuta neno hilo.

Waraka wa 2 Petro unakabili swali lililobaki, la wale waliodhihaki kwamba mbona haji. Sababu inayotolewa ya kukawia ni ya kimisionari: Bwana anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee, bali wote wafikie toba. Siku iliyoongezwa ni nafasi ya mtu mwingine kusikia. Paulo aliishi hivyo. Yeye aliyeandika kwamba siku ya Bwana yaja kama mwivi usiku, ndiye aliyewaambia Warumi, katika sura ya 15, kwamba kwanza anapeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, kisha atapitia kwao akielekea Hispania, maana huko Kristo alikuwa bado hajatajwa.