Malalamiko ya kazini hayaanzii Geneva

Barua tunazopokea siku hizi zinafanana. Mfanyakazi wa kampuni ya kimataifa amesikia kuwa mwajiri wake ametia saini makubaliano na shirikisho la vyama vya wafanyakazi duniani, sasa anataka shirikisho hilo limpandishie mshahara. Halimpandishii.

Makubaliano ya aina hiyo, ambayo Danone, kampuni ya vyakula ya Ufaransa, ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuyasaini mwaka 1988, hayana jedwali la mishahara. Kampuni inaahidi kutowabughudhi wanaojiunga na chama, na kukaa nacho mezani popote inapofanya kazi. Meneja wa tawi akikataa kukitambua chama, shirikisho linabisha hodi makao makuu. Mshahara, saa za kazi na likizo hubaki kwenye mkataba wa hali bora ambao chama chenu kinajadili na mwajiri wenu. Kama hamna chama, hakuna wa kuketi upande wenu wa meza.

Vyama vyenye mwajiri mmoja katika nchi tofauti vina kazi ambayo haihitaji mkutano wa hotelini: kupeana nakala za mikataba, kifungu kwa kifungu, pamoja na tarehe ya kila mkataba kuisha. Mikataba ikiisha kwa wakati mmoja, ni vigumu zaidi kwa mwajiri kutishia kuhamishia uzalishaji kiwanda cha nchi ya pili.

Ushirikiano unaweza pia kuwa na meno. Baada ya Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo nchini Bangladesh, kuporomoka Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi duniani ya IndustriALL na UNI yalisaini na kampuni za nguo mkataba wa usalama unaofunga kisheria. Kampuni mbili zilipodaiwa kukiuka masharti, zilipelekwa kwenye usuluhishi huko The Hague, Uholanzi. Moja ikakubali kulipa dola milioni 2.3. Mabaharia wamefika mbali zaidi: mishahara ya wengi wao hujadiliwa kimataifa, na meli inayokiuka Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 inaweza kuzuiwa bandarini.

Sasa Geneva. Kamati ya Uhuru wa Kujumuika ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), lenye makao yake huko, iliyoundwa 1951, hupokea malalamiko hata dhidi ya nchi ambayo haijaridhia mikataba ya ILO Na. 87 (uhuru wa kujiunga na vyama) wala Na. 98 (haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja). Si mahakama. Haitozi faini, haimfungi mtu, haimrudishi mtu kazini. Hutoa mapendekezo kwa serikali na kufuatilia utekelezaji. Mtu binafsi hawezi kulalamika huko, tumeshalisema hili mara nyingi. Mlalamikaji ni chama cha wafanyakazi, au cha waajiri. Lalamiko liwe la maandishi, lisainiwe na kiongozi mwenye mamlaka, lieleze nani alifanya nini na lini, liambatane na ushahidi: barua ya kuomba kutambuliwa, jibu la mwajiri, muhtasari wa vikao, barua za kufukuzwa kazi. Picha za mazungumzo ya WhatsApp si muhtasari wa kikao.

Kwanza lipitisheni kwa shirikisho lenu la kitaifa. Kama shauri liko mahakamani nyumbani, lisemeni waziwazi na mtaje hatua lilipofikia, kwa kuwa kamati huweza kusubiri hukumu kabla ya kutoa maoni yake.