Hekaya za Musa bin Maimun zitajwe kuwa hekaya

Kila mahafali ya vyuo vya tiba yakikaribia, kitengo chetu cha nyaraka hupokea ombi lile lile: nakala iliyothibitishwa ya "Sala ya Tabibu" ya Musa bin Maimun, mwanazuoni na tabibu wa Kiyahudi, ya kuchapwa kwenye ratiba ya sherehe. Nia ni njema, hilo hatuna shaka nalo. Kuithibitisha hatuwezi. Musa alifariki Misri mwaka 1204; sala hiyo ilichapwa mara ya kwanza kwa Kijerumani mwaka 1783, na wengi humnasibishia Markus Herz, tabibu wa Berlin. Kuisoma hadharani si kosa. Kosa ni kuandika chini yake kuwa ni maneno ya Musa, na kutujibu kwamba "ndivyo ilivyo mtandaoni" hakuigeuzi kuwa yake.

Mwombaji wa nakala yoyote ajaze kwanza sehemu ya chanzo, kisha sehemu ya matumizi. Ataje maktaba inayotunza hati, namba ya hati, na kama maandishi ni yake Musa, ni ya kunasibishwa, au ni hekaya. Fomu isiyo na namba hurudishwa bila kushughulikiwa, na ada hairejeshwi. Aliyepewa kibali akabadilisha maelezo ya chini ya picha hufutiwa kibali hicho, na ombi lake linalofuata hupitia kamati kwanza.

Hekaya zenyewe tunazitunza kwa heshima. Inasimuliwa kwamba maiti ya Musa iliwekwa juu ya mnyama, akaachwa aende atakako, naye akasimama Tiberias, mji wa Galilaya, ambako kaburi la Musa linazuriwa hadi leo. Wengine husema wanyang'anyi walishindwa kulinyanyua jeneza. Mjini Kairo, wagonjwa walikuwa wakilala ndani ya sinagogi lenye jina lake wakitarajia kupona. Simulizi hizi ni ushahidi wa mapenzi ya watu kwake. Kuhusu tiba yake hazithibitishi lolote, na ikumbukwe kwamba yeye mwenyewe aliwaandikia wanazuoni wa kusini mwa Ufaransa barua ya kuukataa unajimu moja kwa moja.

Kinachotusikitisha ni kuona hati za kweli hazina mwombaji. Ndugu yake Daudi, mfanyabiashara, alimwandikia kutoka bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu, akimtuliza moyo kabla ya kusafiri kwenda India. Barua hiyo ilitoka katika hazina ya karatasi ya sinagogi la Ben Ezra, Fustat, mji mkongwe ulio kando ya Kairo, na sasa iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, namba Or.1081 J1. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali ya familia. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima, na miaka kadhaa baadaye bado aliandika kwamba hajapata faraja.

Ipo pia barua yake ya mwaka 1199 kwa Samuel ibn Tibbon, mfasiri wa kitabu chake kwa Kiebrania. Kila asubuhi alikwenda ikulu Kairo, akarudi Fustat mchana na njaa, akakuta nyumba imejaa wagonjwa, Mayahudi na wasio Mayahudi. Aliwaomba wamvumilie ale kidogo, kisha akawatibu hadi usiku, akizungumza nao amelala chali kwa uchovu. Wanaotafuta maneno ya kusomewa matabibu wapya waombe barua hii. Fomu ni ile ile. Jina la mfasiri ni lazima litajwe.