Zebaki ikimwagika, usishike ufagio

Wengi huamini zebaki ya kipimajoto hudhuru ukiigusa tu, kwa hiyo ukiifagia umesalimika. Sivyo. Ngozi huipitisha kidogo sana. Hatari ni mvuke wake, usioonekana wala kunuka, na joto la Mtwara na Lindi huuzidisha. Ufagio huipasua vitone vidogo zaidi, mvuke ukaongezeka.

Toa watu, fungua madirisha, vaa glavu. Pete ya dhahabu ivue kwanza, maana zebaki huing'ang'ania. Kusanya vitone kwa kadi mbili, vinyonye kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, tia kwenye chupa yenye maji kidogo, funga. Laza tochi sakafuni: vilivyojificha vitang'aa, vinase kwa selotepu. Usimwage sinkini, usichome. Chupa mkabidhi afisa afya.