Je, wajua kwa nini mtu anaweza kufa maji katika Bahari ya Chumvi, ambako hata asiyejua kuogelea huelea?

Makanisa mengi ya Nairobi huandaa safari za hija kwenda Israeli na Yordani, na picha zinazorudi hufanana: mtu amelala chali majini, mikono ameitandaza, vidole vya miguu vinachungulia. Ni picha za kweli. Ila zimewafanya wengi waamini kwamba pale hakuna anayekufa maji, na imani hiyo ni ya hatari.

Kinachomwelesha mtu ni uzito wa maji yenyewe. Lita moja ya maji ya mfereji ina kilo 1. Ya bahari pale Mombasa, kilo 1.02 hivi, ya Bahari ya Chumvi, takriban kilo 1.24. Mwili wa binadamu unakaribiana sana na maji ya mfereji. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 hubebwa akiwa amezama kiasi cha lita 56 tu, na karibu moja ya tano ya mwili wake hubaki juu.

Chumvi yote hiyo imetoka wapi? Ingawa huitwa bahari, hili ni ziwa, nalo liko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Mto Yordani unaingia, hakuna mto unaotoka. Jua la jangwani huchukua maji na kuacha madini, hadi karibu theluthi ya maji hayo ikawa chumvi. Sehemu kubwa si chumvi ya mezani bali ya magnesiamu, ndiyo maana ni chungu na huteleza mwilini.

Sasa hatari. Nguvu inayoinua mgongo huinua miguu pia. Ukilala kifudifudi, miguu hupanda, uso hubaki majini, na kugeuka huwa kazi ngumu hata kwa mwogeleaji hodari. Ukiyameza, magnesiamu na kalsiamu hujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo; yakiingia mapafuni, huyaumiza. Basi ingia kinyumenyume, kaa kana kwamba unakalia kigoda, uache miguu ipande yenyewe. Kutoka, vuta magoti kifuani, kisha kanyaga chini. Usinyoe siku hiyo. Robo saa inatosha.

Wapo watakaosema ya nini kwenda mbali, Ziwa Magadi liko karibu na Nairobi, ni kupitia Kiserian tu. Tafadhali, usioge huko. Madini yake ni magadi yale yale yanayolainisha githeri, makali kwa ngozi na macho, na baadhi ya chemchemi zake hupita nyuzi 80. Nenda ukatazame heroe.

Bahari ya Chumvi nayo inapungua karibu mita moja kila mwaka, kwa sababu maji ya Yordani yanachepushwa na viwanda vya madini hukausha mengine. Maji yanaporudi nyuma, chumvi iliyo chini ya ardhi huyeyushwa na maji yasiyo na chumvi, na ardhi hubomoka ghafla. Maelfu ya mashimo yamefunguka hivyo. Oga kwenye fuo zilizofunguliwa rasmi pekee, wala usipite njia ya mkato hata kama maji unayaona.