Mguu Usiouma Ndio Ukaguliwe Kwanza

"Mguu hauumi, kwa hiyo hauna shida." Katika maneno yote yanayosemwa kuhusu kisukari kwenye foleni za kliniki hapa Kisumu, hakuna linaloponza watu miguu kama hili. Sukari ikikaa juu miaka mingi, neva za miguuni huharibika. Mtu anaweza kutoka Kibuye hadi Kondele na kokoto ndani ya akala asihisi kitu, akaja kuona damu jioni.

Kwa hiyo muuguzi anayeuliza, "Mama, miguu inakuuma?" akaandika "hapana" kwenye faili, hajapima chochote. Soksi zivuliwe. Tazama katikati ya vidole, inua unyayo, tafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha mgonjwa afumbe macho, umguse unyayoni kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, aseme anapohisi. Ingiza mkono kwenye viatu vyake pia. Msumari hujificha humo. Foleni ni ndefu, najua, lakini kusafisha kidonda miezi mitatu ni kazi kubwa zaidi.

Wengine huikanda miguu kwa maji moto ili ganzi itoke. Ganzi haitoki, ngozi ndiyo hutoka. Maji yapimwe kwa kiwiko, na mzee asiyeweza kuinama amwombe mjukuu amtazamie nyayo kila jioni.

"Ukianzishiwa insulini, umekwisha." Insulini imekuwa ikiokoa watu tangu 1922. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza huihitaji tangu siku anayogunduliwa. Katika aina ya pili, kongosho huchoka polepole hadi vidonge visitoshe. Wengi wanaodaiwa kuuawa na sindano waliikimbia mpaka figo zikaharibika. Cha kukagua ni pale anapodunga: akirudia mahali pamoja, panavimba na dawa haiingii mwilini sawasawa. Asiye na friji aihifadhi kwenye chungu chenye ubaridi, mbali na jua na jiko.

Ugali wa wimbi nao watu huula kama dawa. Ni mzuri kuliko wa unga uliokobolewa, lakini ni wanga vilevile. Kinachoamua ni ukubwa wa kipande. Ongeza mboga, punguza ugali.

La mwisho ni la hatari zaidi kwa muda mfupi: anayetetemeka, kutokwa jasho na kuropoka stendi, huambiwa amelewa. Huenda sukari yake ya damu imeshuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Kama hakuna mashine, mpe tu, usingoje. Aliyezirai asinyweshwe kitu: mlaze ubavu, mtafutieni gari la hospitali.