Mji hufuata bomba la maji

Halmashauri nyingi huanza kudhibiti ujenzi zikiwa zimechelewa. Ombi la kibali cha nyumba linapofika mezani, shamba limeshakatwa viwanja, viwanja vimeshauzwa, na wenyewe wanadai maji na barabara. Pa kuwa wakali ni mapema zaidi: kwenye ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi na mchoro wa kugawa viwanja.

Chukua mtaa wenye nyumba 100, hamsini kila upande wa barabara. Kila kiwanja kikiwa na upana wa mita 30, bomba litakuwa na urefu wa mita 1,500. Upana ukiwa mita 12, bomba ni mita 600 tu. Lami, mtaro wa maji ya mvua na nyaya za umeme hufuata urefu huohuo, na matengenezo yake huibebesha halmashauri mzigo miaka nenda miaka rudi, ilhali aliyegawa viwanja ameshapata chake akaondoka.

Mwaka 1969 mji wa Ramapo, jimbo la New York, ulianza kupima maombi kwa alama. Majitaka, mifereji ya mvua, bustani au shule, barabara na kituo cha zimamoto: kadiri huduma hizo zilivyokuwa karibu, ndivyo alama zilivyopanda. Asiyefikisha 15 alisubiri huduma zifike kwa mpango wa mji wa miaka 18, au alizijenga kwa fedha zake. Mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliuhalalisha utaratibu huo, na kilichoubeba zaidi ni mpango wenyewe. Kukataa kibali bila ratiba ya kupeleka huduma ni kumfungia mtu ardhi yake.

Boulder, Colorado, walishika bomba lenyewe. Mwaka 1959 wapiga kura waliuzuia mji kupeleka maji juu ya mwinuko wa futi 5,750, yaani kama mita 1,750, ili miteremko ya milima isijengwe.

Hata hivyo mpaka wa namna hii, yaani mstari ambao mji hauruhusiwi kukua kuupita, ukiwa peke yake una madhara. Ajira zikiongezeka ndani na nyumba zisiongezeke, bei hupanda na wafanyakazi huruka mpaka, wakahamia miji jirani. Ndiyo maana sheria ya jimbo la Oregon, Marekani, hudai ndani ya mpaka kuwe na ardhi ya kutosha nyumba za miaka 20. Mpaka wa Portland, mji wa jimbo hilo, uliokubaliwa mwaka 1979, husimamiwa na baraza moja la kuchaguliwa linalojumuisha miji mingi, hivyo jirani hawezi kutoa kibali ambacho mwenzake amekinyima. Siku ileile mpaka unapopitishwa, ruhusu ndani yake ghorofa tatu, kugawa viwanja vikubwa, na nyumba ya pili uani.

Halafu angalia kipenyo cha mabomba. Bomba kubwa likipita katikati ya mashamba kwenda mtaa wa mbali, kila shamba njiani litaomba kuunganishwa, na ombi la kwanza likikubaliwa, la pili litakuja na nakala ya barua iliyolikubali la kwanza.