"Ongezeni bando": dhana potofu kuhusu mtandao wa chuo

Kila muhula ukifunguliwa, dawati letu la msaada hupokea lalamiko lilelile: intaneti iko taratibu, basi chuo kinunue bando zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analisema, profesa analisema, na kwenye kikao cha bajeti analisema hata mhasibu, ambaye ndiye angetakiwa kulipia.

Zamani walikuwa na haki. Kabla mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, haujafika pwani yetu mwaka 2009, vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilitegemea setilaiti, ghali na finyu, na dawa kweli ilikuwa kununua zaidi. Leo vyuo vinapata intaneti kwa pamoja kupitia mitandao ya elimu na utafiti: TERNET hapa Tanzania, KENET Kenya, RENU Uganda. Mara nyingi tukikagua, njia ya intaneti ya kutokea nje ya chuo ina nafasi tele. Kilichojaa ni hewa ya ukumbini.

Waifai ni mazungumzo ya zamu: kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya redio, anasema mmoja, wengine wanangoja. Masafa ya GHz 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Sasa jaza ukumbi wanafunzi mia tatu, kila mmoja na simu, wengine na laptopu juu yake, kisha baadhi yao wawashe hotspoti kwa sababu "waifai ya chuo mbovu". Kila hotspoti inadai zamu kwenye hewa ileile. Simu ya zamani, au iliyokaa mbali, inasema polepole, hivyo zamu yake inarefuka na wote wanachelewa. Hapo hata ukinivutia mkongo mzima hadi mlangoni, hakuna kitakachobadilika.

Hakuna anayeniamini mpaka aone. Nachomeka laptopu kwenye soketi ya mtandao ukutani, ukumbi uleule, saa ileile, na video inacheza bila kukwama. Nachomoa waya, naingia waifai, kiduara kinaanza kuzunguka. Bando halikuguswa.

"Basi ongezeni nguvu ya kurusha." Nayo hapana. Kisanduku cha darini kinachorusha waifai kikipaza sauti, simu itakisikia na alama zitajaa, lakini simu yenyewe haina nguvu hizo, kwa hiyo jibu lake halifiki. Ndiyo maana unaona alama kamili na ukurasa haufunguki. Kinachosaidia ni visanduku vingi vya nguvu ndogo vilivyopangiwa chaneli kwa akili, masafa ya GHz 5, na hotspoti kuzimwa. Na waya, jamani! Printa, kompyuta za maabara, kompyuta ya mezani ya mhadhiri: kitu kisichotembea kinafanya nini kwenye waifai?

Mengine nayapitia haraka.

Eti ukitembelea chuo kingine lazima uombe neno lao la siri. Kama vyuo vyote viwili vina eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, huombi kitu: ombi lako linarudishwa kuhakikiwa chuoni kwako, uwe Uganda au Uholanzi. Andika jina lote la akaunti yako ya chuo, pamoja na sehemu inayofuata alama ya @. Wengi wanaokwama wameiacha hiyo, halafu wanapiga simu kwa hasira.

Eti ukifungua dirisha la faragha hatuoni tovuti unazotembelea. Dirisha hilo linafuta kumbukumbu kwenye simu yako tu. Jina la tovuti bado linaweza kuonekana kwenye mtandao. Na hapana, WhatsApp yako hatuisomi. Ujumbe umefungwa kwa siri tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, na hatuna muda huo.

Eti akaunti ya Google ya chuo haina kikomo cha nafasi. Iliisha hiyo. Mwaka 2021 Google walitangaza kikomo, na tangu 2022 mgao wa msingi ni TB 100 kwa chuo kizima. Gawa kwa watumiaji 20,000: kila mmoja GB 5. Ukihitimu, akaunti inaweza kufungwa, kwa hiyo nakili tasnifu yako kwenye diski yako mapema. Video za harusi ya dada zitoe leo.